Chini ya Omu Mbili

Nimo edani, mwezi wa tatu sasa, na jambo lililonishangaza kuliko yote ni sauti yangu mwenyewe. Kwa miaka yote niliyoishi na Hamadi nilizungumza kwa nguvu, uso kwa uso, nikitamka kila neno kama ninayemsomesha mtoto, kwa sababu mume wangu hakuwa akisikia. Sasa nikiomba chumvi jikoni binti yangu huruka. "Mama, niko hapa kando yako," huniambia. Najaribu kuishusha. Hukaa chini siku moja, kisha nasahau, nayo hupanda tena. Wanawake wanaokuja kunipa pole huketi kidogo, halafu nao huanza kunijibu kwa kelele, na mtu apitaye nje huenda akadhani humu ndani kuna ugomvi wa mirathi.

Wiki iliyopita alikuja Karisa, aliyekuwa fundi wa injini katika gereji tuliyofanyia kazi sote zamani. Siku hizi anatembea kwa mkongojo. Sikutoka kumlaki, kwani eda haina ruhusa hiyo. Alikaa barazani, nami nikakaa ndani nyuma ya pazia la mlango, na binti yangu akampelekea kahawa na tende. Tukazungumza namna hiyo, yeye akiitazama barabara, mimi nikiutazama upindo wa pazia ambao niliushona mwenyewe na sikuushona vizuri. Alisema wanayoyasema wote, kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

"Shemeji," akasema, "wajua mwaka ule nilimchukia mumeo kwelikweli?"

"Najua, Karisa. Gereji nzima ilijua."

"Isipokuwa yeye."

"Isipokuwa yeye."

Akacheka, akaomba kahawa nyingine. Alipoondoka nilijilaza kwa usingizi wa mchana kama nilivyozoea, lakini usingizi haukuja. Mwaka aliousema si mwaka niliopata kuusimulia. Hakuna aliyekufa mwaka ule wala aliyezaliwa, na sikuwa mke wa mtu bado. Lakini kila nikitafuta nilipoanza kuwa huyu niliye sasa, naishia pale.

Gereji ilikuwa Malindi, ndani kidogo ukiiacha barabara ya Lamu, kiwanja cha mchanga mweusi kwa oili, ukuta wa mawe ya matumbawe upande mmoja na mabati upande wa pili. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na elimu yangu ilikuwa ya darasa la nane. Nilishona viti vya gari pamoja na Shangazi, Mama Fatuma kwa watu wa gereji, ambaye alikuwa na cherehani mbili na chumba kilichonuka gundi na ngozi ya plastiki. Chumba kilichofuata kilikuwa cha Hamadi, fundi wa muziki wa magari. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mabati usiofika juu, kwa hiyo joto lake lilikuwa letu, na moshi wa risasi yake ya kulehemu, na maneno ya wateja wake. Sisi ndio tuliomvalishia masanduku yake ya spika kapeti, na mara nyingi niliingia kwake kupima. Nakumbuka rafu yenye amplifaya zilizofunuliwa vifuniko, kama samaki waliopasuliwa wakisubiri chumvi, na meza iliyochomwachomwa madoa, na feni iliyogeuzwa isimpepee yeye bali ielekee kwenye mashine. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Yeye mwenyewe alikuwa kijana mrefu, msafi, mwenye kola iliyopigwa pasi hata siku za kazi ya chini ya gari, na hakuwa akiitikia salamu.

Hilo lazima nilieleze, kwa sababu kwetu si jambo dogo. Kutoa salamu ni sunna, kuitikia ni faradhi, na mtoto asiyejua kusoma anajua hilo. Mtu akimpita Hamadi ameinamia kazi akasema "Asalaam aleikum," hakuna kilichorudi. Ukija mbele yake, mkatazamana, aliitikia vizuri, tena kwa tabasamu na habari za nyumbani. Ukija kwa nyuma ulikuwa hewa. Watu walilifasiri kila mmoja alivyopenda. Shangazi alisema ni maringo ya kijana aliyepata jina mapema. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefunga muziki kwenye ukumbi wa hoteli moja huko Kikambala, na pengine alituona sisi ni wa vumbi. Karisa, ambaye alitoka ndani, upande wa mashamba, alilifasiri vibaya zaidi. Kwake yeye ilikuwa ni Mswahili wa mji asiyetaka kumsalimu Mgiriama.

"Habari za asubuhi, bwana mkubwa," alikuwa akisema kila siku akipita mlangoni kwa Hamadi, kwa sauti ya kuchokoza. Kimya. "Mwamsikia? Hata Mulungu mbinguni huniitikia, huyu hapana."

"Muache, Karisa, ana kazi," Shangazi humwambia.

"Nami nina kazi, Mama. Kinywa changu kina kazi yake na mikono ina yake."

Nami nilicheka na wenzangu. Sikumpenda wala sikumchukia. Nilimwona ni mtu aliyefunga dirisha lake, na madirisha ya watu si shughuli yangu.

Jina lake lilikuwa kubwa kweli. Madereva walikuja kutoka Watamu, kutoka Mambrui, kutoka Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, hata tuktuk zilikuja, na wote walitaka kitu kimoja: wasikike kabla ya kuonekana. Hamadi aliwapa. Namna alivyowapa niliielewa kwa kumuuliza siku moja nikipima sanduku, kwa kuwa nilitaka kujua kwa nini sanduku la gari moja lahitaji matundu manne na la gari jingine mawili ilhali amplifaya ni zile zile. Alifurahi kuulizwa. Aliniambia kila spika ina ukinzani wake, na ukinzani hupimwa kwa omu, kama vile nguo hupimwa kwa yadi. "Fikiria pampu ya kisima," akasema. "Ukifungua mfereji mmoja, maji yatoka kiasi. Ukifungua minne kwa pamoja, maji yatoka mengi, ukasema, ala, pampu hii nzuri! Lakini pampu ni ile ile, na sasa yalia." Kufunga spika nyingi sambamba kwenye amplifaya moja ni kufungua mifereji. Omu zashuka, nguvu yapanda, na joto lapanda pamoja nayo. Amplifaya nyingi alizofunga zilikuwa zimeandikwa ubavuni zisishushwe chini ya omu mbili.

"Na wewe wazishusha mpaka wapi?" nikamuuliza.

"Moja," akasema. "Wakati mwingine chini ya moja."

"Na maandishi?"

"Aliyeandika alijiwekea akiba yake. Kila mtu hujiwekea akiba." Akaweka mgongo wa mkono juu ya amplifaya iliyokuwa ikipiga, kama mama apimaye homa. "Mkono ukistahimili, nayo yastahimili."

Nilimwamini. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kutomwamini. Namkumbuka dereva wa gari la kutembeza wageni, mtu wa Watamu, mcheshi, aliyekuja kujaribu muziki wake mpya. Mimi nilikuwa upande wangu wa mabati nikitia uzi kwenye sindano. Nikasikia besi inapanda, sindano ikaanza kutetemeka juu ya meza, na dereva akacheka. Halafu akasema, "Basi, hapo hapo." Besi ikazidi kupanda. "Basi, fundi! Hamadi! Yatosha, bwana!" Mabati yakaanza kulia, msumari uliokuwa na kalenda yetu ukatoka ukutani. "Nimesema basi, jamani, wataka kuniua?" Ndipo muziki ukakoma, na kwa masikio yaliyokuwa yakivuma nikamsikia Hamadi akiuliza kwa utulivu, "Yatosha hivyo au niongeze?" Dereva akaangua kicheko. Akaenda akisimulia Watamu nzima kwamba Malindi kuna fundi asiye na huruma, na baada yake walikuja wengine wanne watano wakitaka muziki wa fundi asiye na huruma.

Leo nikiandika hivi naona kila kitu kilikuwa wazi, kama mtu anavyoiona njia akishafika. Alikuwa akiwapandishia sauti mpaka yeye aisikie. Hakuwa na kipimo kingine. Kilichokuwa kikubwa kwa wengine kwake kilikuwa kinaanza, na kwa kuwa amplifaya haikuweza kumfikisha alipotaka kwa omu mbili, alizishusha. Watu waliita hilo ustadi. Yeye mwenyewe, aliniambia baadaye, hakuwa akijua vizuri. Alijua sikio la kulia limeanza kufa tangu Kikambala. La kushoto alidhani ni zima. Mtu hana namna ya kujua asichokisikia, kwa kuwa hakisikii.

Chakula cha mchana tulikula pamoja, wanaume mkeka wao, mimi na Shangazi mkeka wetu, sinia mbili kutoka sufuria moja. Shangazi alipika kwenye jiko la makaa nyuma ya chumba: wali wa nazi, mchuzi wa samaki mkavu, mchicha, pilipili ya kukamulia ndimu. Siku ya Ijumaa palikuwa na nyama. Pale ndipo mazungumzo yote ya gereji yalipopita, na mwezi ule wa mvua za vuli nilianza kusikia mazungumzo yaliyobadilika. Gari la Watamu lilirudi, amplifaya imeungua. Likarudi la Mambrui. Harufu ile, kama ukucha uliochomwa, ikawa inaingia kwetu juu ya mabati kila wiki. Hamadi alifungua, akabadilisha transista, akafunga tena vile vile.

"Bwana mkubwa akiunguza nyingine," Karisa alisema siku moja, akitafuna, Hamadi akiwa ameketi mkeka ule ule, amempa mgongo kidogo akichambua mwiba wa samaki, "mwenye kiwanja atamtoa. Nimemsikia kwa masikio yangu. Asema wateja waja na kelele mpaka ofisini kwake."

"Sema polepole," mchoraji wa rangi za magari akamnong'oneza.

"Niseme polepole kwa nini? Na asikie. Asikie kwamba ujuzi wake ni wa kuunguza mali za watu."

Watu wote waliacha kula. Hamadi aliutoa mwiba, akauweka ukingoni mwa sinia, akaendelea. Mkono wake haukusita hata kidogo. Nilimtazama sana. Nikasema moyoni mwangu, huyu ama ana subira ya mitume, ama ana dharau isiyo na mfano. Sikufikiria neno la tatu.

Ilipokaribia Maulidi, ustadhi wa madrasa ya mtaani kwetu alikuja kumwomba Hamadi afunge spika kwenye gari litakalotangulia zefe, maandamano ya watoto wakisoma kaswida mji mzima baada ya alasiri. Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya Karisa. Hakuwa Mwislamu, lakini pikapu yake ilibeba kila kitu Malindi, harusi na maiti na mabango ya siasa, na Ustadhi alimpenda kwa kuwa hakuchelewa. Spika zilikuwa zile za mdomo mpana, kama za msikitini. Nilimsikia Ustadhi kwa masikio yangu, amesimama mbele ya Hamadi: "Nne zatosha, mwanangu. Ni watoto, si jeshi." Hamadi akaitikia vizuri. Siku ya siku nikaona amefunga nane. Spika zile zilikuwa za omu nane kila moja. Nne sambamba zaleta mbili, na nane zaleta moja. Alikuwa amejaribu nne asubuhi, akaona hazisemi kitu.

Wanawake tulisimama kando, penye kivuli cha ukuta wa skuli. Pikapu ilikuja polepole, Karisa akiendesha, Hamadi ameketi nyuma juu ya sanduku, kanzu nyeupe, kofia mpya, uso kwa watoto waliofuata na mgongo kwa Karisa. Mkono mmoja alikuwa ameuweka juu ya amplifaya aliyoifunika kitambaa. Watoto walishika kipaza sauti kwa zamu. Sauti ilikuwa kubwa mno. Mbele yangu mama mmoja alimziba mtoto wake masikio. Halafu, walipofika usawa wetu, ikakatika.

Haikukatika kwa mlio. Ilikuwa ipo, ikawa haipo. Tukabaki na sauti za watoto wenyewe, nyembamba, na matari yakipigwa. Watoto hawakusita, kwa kuwa walikuwa wamefundishwa wasisite. Na Hamadi naye hakusita. Aliendelea kuketi vile vile, akitikisa kichwa taratibu kufuata vinywa vya watoto, akatabasamu kwa aliyeshika kipaza, akamwashiria akisogeze karibu na mdomo. Muziki wa magari una besi, na besi aliisikia kwa miguu na kwa kifua. Kaswida haina besi. Aliona vinywa vinakwenda, akajua sauti ipo.

"Hamadi!" Karisa akaita kupitia dirishani. "Imezima!" Hamadi akaendelea kutabasamu. "Hamadi! Wewe!" Karisa akasimamisha gari, akashuka, akapiga ubavu wa pikapu kwa kofi. Watu walianza kucheka. Vijana waliokuwa ukutani wakawa wanamwigiza, wanatikisa vichwa. Karisa alikuwa na hasira ya mwaka mzima usoni. Alipanda nyuma, akamshika bega, akamgeuza. "Nakuita mbele za watu wote, hata leo huniitikii?"

Hamadi akamtazama mdomoni. Hilo niliona. Hakumtazama machoni, alimtazama mdomoni. Kisha akainuka, akaenda kwenye spika, akaweka kiganja ndani ya ule mdomo mpana, akakiacha hapo kama mtu anayetafuta pumzi ya mgonjwa. Akakiweka kwenye spika ya pili. Akakitoa, akakitazama kiganja chenyewe. Vicheko vilikoma, na sidhani kuna mtu aliyevikomesha. Karisa alibaki na mkono hewani. Alikuwa karibu kuliko sote, kwa hiyo nadhani alielewa kabla yetu sote.

Ustadhi aliwaashiria watoto waendelee, na zefe ikapita kando ya pikapu, watoto wakisoma kwa vinywa vyao, mpaka ikapinda kona.

Hamadi hakuja gereji siku iliyofuata wala iliyofuata hiyo. Chumba chake kilifungwa. Nilishona upande wangu, na kwa mara ya kwanza nilisikia cherehani yangu mwenyewe ina mlio gani. Mwenye kiwanja alikuja, akatikisa kufuli, akasema wazi mbele yetu kwamba fundi wa muziki asiyesikia ni kama mpishi asiye na ulimi, na chumba kile kuna mtu wa betri anakitaka. Shangazi akamjibu kwamba asubiri mtu akatae kazi mwenyewe. Sikumjua Shangazi kuwa na jema la kusema juu ya Hamadi. Jioni ile alinituma nimpelekee Karisa sahani ya viazi karai, nikamkuta ameketi kwenye pikapu, spika zote nane bado ziko nyuma. "Nilimtukana mwaka mzima," akaniambia, "na hakuwapo." Nikampa viazi.

Kesho yake Karisa alimleta. Yaliyopita kati yao niliyapata mkekani, Karisa akiyasimulia mbele ya Hamadi mwenyewe, kwa sauti ya kusikika mpaka mto Sabaki. "Nilimkuta amejifungia kwao. Nikasimama mbele yake, hivi, pua kwa pua. Nikamwambia, sikuja kwa ajili ya amplifaya. Nimekusalimu mwaka mzima na hujaitika hata moja. Leo nazitaka zangu zote, kwa jumla."

"Akakwambiaje?" mchoraji wa rangi akauliza.

"Mwulize mwenyewe. Lakini mguse kwanza."

Mchoraji akamgusa Hamadi goti. Hamadi akageuka. "Nilimwambia nzuri," akasema. "Nikamwambia, nzuri, nzuri, nzuri, mpaka akachoka." Watu wakacheka, na kicheko kile hakikuwa cha ukutani. Kisha akasema, kwa utulivu ule ule aliomwuliza nao dereva wa Watamu, "Mimi sisikii, jamani. Nilikuwa sijui ni kwa kiasi gani. Sasa najua."

Kazi aliyoifanya majuma yaliyofuata ndiyo ninayomheshimia mpaka leo, ingawa wakati ule wengi waliiona ni wazimu. Alizunguka na pikapu ya Karisa kwenye magari yote aliyokuwa ameyafunga, akazipandisha omu. Alitoa spika zilizozidi, au akazifunga upya mbili mbili kwa mfuatano, mpaka kipimo kisome mbili. Wateja hawakumshukuru. Walisema ameupunguza muziki wao. Yule wa Watamu aliyemsifu ndiye aliyepiga kelele zaidi: "Nilikuja kwako kwa sababu huna huruma, leo waniletea huruma?" Dereva mmoja wa Gongoni, aliyebeba vibarua wa chumvi, alikataa katakata gari lake lisiguswe. Nisiseme uongo, amplifaya ya yule wa Gongoni iliendelea kupiga miaka mingine mitatu au minne, kwa omu moja, chumvini. Hamadi alijua. Alisema tu, "Bahati si kipimo." Jina lake likapungua. Walioendelea kuja walikuwa wale ambao mashine zao hazikuwa zikirudi, nao hawakuwa watu wa kusimulia.

Lakini palibaki jambo moja ambalo kipimo hakikuweza kulifanya. Waya alizijua, omu alizisoma, joto alilipima kwa mkono. Mwisho wa yote muziki lazima uwekwe kiwango chake, na hapo hakuna sindano ya kutazama. Karisa alijitolea, akawa anasema "ongeza" kwa kila kitu, kwa kuwa masikio yake yalikuwa ya injini. Ustadhi alipokuja tena, akitaka gari kwa ajili ya watoto siku ya Idd, mwenye kiwanja akasimama mlangoni mwa ofisi yake makusudi kutazama, na yule mtu wa betri alikuwa naye. Sote tulielewa kwamba chumba kinaamuliwa alasiri ile.

Hamadi alikuja upande wetu wa mabati. Alimwamkia Shangazi, akasimama pale akimtazama mdomoni.

"Mama Fatuma, nimekuja kuazima masikio ya mwanao."

Shangazi hakuacha kushona, ila aliinua uso. "Masikio tu?"

"Kwa leo, masikio tu."

"Basi mwulize mwenyewe. Ni yake."

Nilitoka nimevaa leso na uzi umenishika nguo. Spika zilikuwa nne. Ustadhi alikuwa amekuja na mwanafunzi mmoja, kabinti ka miaka sita au saba, wa kujaribia kipaza. Hamadi alinionyesha nisimame langoni, mahali pa kuisikia sauti kama itakavyosikika barabarani, na yeye akabaki kwenye pikapu, mkono kwenye kitufe, uso kwangu. Ustadhi akampa mtoto kipaza, akamwambia asome. Mtoto akaanza. Hamadi akazungusha kidogo, akanitazama. Akazungusha tena. Sauti ilikuja safi, nilimsikia mtoto anavyovuta pumzi kati ya maneno. Nikainua mkono.

Alisita. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri mgeni ambaye bado hajatoka kwao. Kwake hapakuwa na kitu, na niliona vidole vyake vikiwa bado juu ya kitufe, na namna vilivyotaka kwenda. Mwenye kiwanja aliona pia. Nilibaki na mkono wangu juu.

Hamadi akaondoa vidole. Akashuka kwenye pikapu, akaifuta mikono kwa kitambaa.

Mtoto alikuwa amefika mwisho wa alichokijua. Akatazama huku na huku, kipaza bado mdomoni, akasema, na barabara nzima ikasikia, mpaka kwa wauza madafu ng'ambo: "Ustadhi, nina njaa." Gereji ikaangua kicheko. Karisa alijishika tumbo, Ustadhi akajifunika uso kwa kofia, mwenye kiwanja naye akacheka, asiweze kujizuia, akamgeukia mtu wa betri, akatikisa kichwa kumwambia hapana.

Miezi yote ile nilikuwa nimemwona Hamadi watu wakicheka naye anacheka, palepale, bila kuchelewa. Safari hii hakucheka. Aliwatazama wote, kisha akakikata kiwanja chote mpaka langoni nilipokuwa, akasimama mbele yangu.

"Amesema nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia polepole, nikitamka kila neno, kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Wengine walikuwa wamekwisha nyamaza, wamerudi kwenye nyundo zao, alipoanza kucheka, peke yake.